Mtu Aliyeapa Juu ya Meza ya Pool

Kosa la kwanza la ile sinema ni mwendo. Naanzia hapo kwa sababu kila mtu aliyeiona pale Salama, kituo cha malori kwenye barabara ya Mombasa, huanzia hapo. Ni sinema ya wazungu ya zamani, haina rangi, na karibu yote inafanyika ndani ya chumba kimoja chenye meza ya pool. Hakuna bunduki. Hakuna gari linaloruka daraja. Mtu anapaka chaki kwenye ncha ya fimbo, kamera inamngoja amalize, na akimaliza inaendelea tu kumngoja. Ukitoka ukanunue ndizi urudi, utamkuta bado ameinama.

Mimi niliishia darasa la nne, na kazi yangu ni kuziba pancha. Hakuna aliyenituma kupima sinema. Lakini hiyo nimeiona mara tatu, na mara ya pili niliiona nikiwa nimekaa nyuma ya mtu aliyewamaliza ndugu zangu. Ukitazama sinema ukiwa mahali kama hapo, utajifunza ni nani anaigiza na ni nani haigizi.

Majina sitaandika. Mhalifu wa kwanza ni baba mdogo, ndugu ya baba yangu, tumbo moja. Wa pili na wa tatu ni wazee wawili waliomwapisha wakijua ukweli. Wa nne ni mhubiri. Kule milimani juu ya Salama watu wakisoma hapa watawajua, na wao wenyewe watajijua.

Chumba kilikuwa cha baba mdogo, nyuma ya maduka, upande ule lori zinasimama. Alikuwa amekikodisha kwa jamaa mmoja kutoka Mwingi aliyekuja na meza ya pool, televisheni na mashine ya video. Asubuhi madereva walicheza pool. Mchana meza ilifunikwa kwa turubai, magunia yakatundikwa madirishani, na chumba kikageuka sinema. Tulikaa kwenye mabenchi tukiizunguka ile meza kama watu waliokuja matanga. Nje jua linachoma mabati, ndani ni giza, jasho na harufu ya dizeli.

Jamaa wa video alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alipunguza sauti ya televisheni, akasimama kando na kutuelezea kwa Kikamba, akichanganya Kiswahili kwa ajili ya madereva wa kutoka mbali. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Palipokosekana alijaza mwenyewe, na alijaza vizuri hata hukutamani kujua mzungu alisema nini hasa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Marafiki wawili wana chumba cha pool, mali yao pamoja. Mmoja anakufa. Mjane wake anakuja kuuliza fungu la mumewe, na yule aliyebaki anasema marehemu hakuacha kitu. Mjane analia. Watu wa pale chumbani wanasema basi aape. Anachukua fimbo yake, anainama juu ya meza, anasema maneno machache na kupiga mpira. Mpira unaingia. Tangu hapo hakosi tena. Anawashinda wote wanaokuja, na anazidi kushinda.

Siku ya kwanza madereva waliitukana tangu mwanzo.

"Huyu mzungu anangoja mvua ya Novemba?" mmoja akauliza.

"Amekwama," mwenzake akasema. "Mletee jeki."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu tukafika pale pa kuapa. Kwa Kiingereza sijui kilichosemwa. Lakini jamaa wa video alikuwa Mkamba, na alichoona ni wazee wamesimama, mtu anayeshtakiwa ameinama, kijiti mkononi, anasema maneno kisha anapiga. Mkamba akiona hivyo atasema nini kingine?

"Sasa anapiga kithitu," akatuambia. "Anasema, kama nimekula cha mwenzangu, kinile."

Kicheko kiliisha pale pale.

Kwa asiye wa kwetu wacha nieleze. Kithitu ni kiapo chetu. Si kitabu unachokiwekea mkono. Ni kitu chenyewe, kimefichwa ndani ya pembe, na mwenye kuapa hakigusi kwa mkono, anakipiga kwa kijiti huku akisema kama ni mwongo kinile. Kisha watu wanarudi nyumbani na kungoja. Kikianza kula, hakimlengi mwongo peke yake. Kinakula kandokando yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka yeye mwenyewe afungue mdomo aseme alidanganya, mbuzi achinjwe, wazee wakipoze. Bila mdomo wake hakipoi.

Baada ya lile neno sinema ilikuwa ile ile, lakini sisi hatukuwa wale wale. Ule mwendo tuliokuwa tunautukana tuliutambua. Kithitu hakina haraka. Yule mchezaji anainama, anapiga, mpira unaingia, na kamera inazunguka chumba kuwaonyesha watu kwenye viti vyao. Inarudi kwake. Anapiga tena. Inazunguka tena.

Dereva wa jeki ndiye aliyeona kwanza.

"Pale dirishani kulikuwa na mtu wa kofia," akasema. "Ameenda wapi?"

Sinema haikusema. Hakuna aliyeonyeshwa akifa, hakuna aliyeaga. Kiti kipo, mtu hayupo, na yule mwenye fimbo hageuki kutazama. Kila kamera ikizunguka kuna kiti kingine kitupu. Hapo ndipo naisifu, na sijali nani atanicheka. Aliyeitengeneza alijua kwamba kifo ukikionyesha watu watalia na kusahau, lakini kiti kitupu utakitazama mpaka uchoke na bado hutasahau. Mtu mmoja mbele yangu aligeuka akaanza kututazama kwenye mabenchi yetu, benchi baada ya benchi, kama anayetaka kuhakikisha.

Mimi sikuhitaji kuhakikisha. Kwetu viti vilikuwa vimeanza kubaki vitupu zamani.

Baba yetu alikufa tukiwa wadogo, na shamba likabaki mikononi mwa baba mdogo. Mpaka kati yetu na jirani ulikuwa mstari wa mkonge kando ya korongo. Baba mdogo aliung'oa ule mkonge akaupanda upya ng'ambo ya korongo, kwa jirani. Jirani akalia kwa wazee, na mwishoni akadai kithitu. Wale wazee wawili walikuwa wamelishwa fahali mzima na baba mdogo wiki ile, na mkonge wenyewe ulikuwa bado umenyauka majani kwa kuhamishwa. Waliuona. Wakaapisha hivyo hivyo.

Nilikuwepo. Kwa kawaida mtu akiapa hujitaja yeye peke yake. Baba mdogo alipiga kijiti akasema, kinile mimi, na mlango wote wa baba yangu. Mlango ni ukoo, ni sisi wote tuliozaliwa upande ule. Alituchukua sote akatuweka mdomoni mwake bila kutuuliza. Wazee walipaswa kumsimamisha waseme, mzee, apa kwa kichwa chako. Hawakusema.

Kaka yetu mkubwa alianguka kutoka kwa lori lililokuwa limesimama. Limesimama, si linakimbia. Aliyemfuata alienda kuchota mchanga mtoni na kulalamika kichwa, na kabla ya jioni hakuwa anatujua. Akaenda mke wa baba mdogo. Akaenda mtoto wake wa pekee. Katikati palikuwa na kimya kirefu, mtu unaanza kupanda miti na kufikiri yameisha. Ndiyo maana nasema yule wa sinema alijua mwendo.

Siku zile za video tulikuwa tumebaki mimi na dada yangu. Alikuwa ameolewa Mwingi, na miguu ilipoanza kumvimba mume akamrudisha. Hospitali zilimtazama, moja ikatutuma kwa nyingine, na hakuna iliyokuwa na jina la ugonjwa. Nilikuwa nimemweka nyumbani kwangu mlimani. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, baba mdogo aseme alidanganya kabla kithitu hakijamfikia dada. Lakini yeye kufikia hapo alikuwa ameokoka. Alikuwa mzee wa kanisa, anavaa tai, na nikimtajia kithitu ananiambia kwa upole, kijana, hayo ni mambo ya giza.

Sasa mara ya pili. Akina mama wa kanisa walilalamika kwamba vijana wanaharibika kwa zile video, na kanisa likamtuma baba mdogo aende aone. Chumba ni chake, mzee ni yeye. Jamaa wa video akatafuta kanda iliyo safi kuliko zote, isiyo na mwanamke aliyevua nguo, na safi ilikuwa hiyo. Mimi sikupanga. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na mikono bado ina gundi ya pancha, na baba mdogo akaja kukaa mbele yangu kabisa. Ningeweza kumgusa shingo.

Wacha niseme habari ya uigizaji. Yule mama anayeigiza mjane ni mbaya. Analia kwa mabega, analia kwa mikono, anamshika kila mtu koti. Mwanamke wa kweli aliyenyimwa chake halii hivyo. Nilimwona mke wa yule jirani yetu siku ya kithitu, alikaa chini akavuta leso magotini, akatazama ardhi. Wale wazee wa chumbani pia wanasimama kama watu wa picha ya harusi. Lakini yule mwenye fimbo ni fundi. Ana masikio makubwa na shingo nyembamba, na uso haufanyi chochote. Mwigizaji mwingine angetokwa na jasho ili tujue anadanganya. Huyu anadanganya kama mtu anayekunywa chai. Tatizo ni kwamba ukiwa hujui hadithi utamwamini. Mimi nilimtazama yeye, kisha nikatazama shingo iliyokuwa mbele yangu, na nikaona ni kazi moja.

Tulipofika pale pa kuapa, nikasikia mtu ananong'ona. Alikuwa baba mdogo. Alikuwa anasema kwa Kikamba, pole pole, macho kwenye televisheni. Kinile mimi, na mlango wote wa baba yangu.

Alisema kabla. Mzungu alikuwa hajafungua mdomo. Na mzungu alipoufungua, jamaa wa video aliyekuwa amesimama upande ule mwingine wa meza, mbali, mahali ambapo hangeweza kusikia mnong'ono, akatuambia kwa sauti yake ya kila siku, "Anasema, kinile mimi, na mlango wote wa baba yangu."

Siku ya kwanza hakuwa amesema hivyo. Nilipomuuliza baadaye alinishangaa. Akaniambia yeye hasemi kitu chake, ndivyo mzungu alivyosema.

Nilimfuata baba mdogo nje. Jua lilitupiga machoni tukasimama kando ya pipa la maji tukipepesa. Nilidhani nitamkuta anatetemeka. Alikuwa ametulia, ananyoosha tai.

"Hiyo sinema haina ubaya," akasema. "Nitawaambia kanisani. Yule mtu ni mkweli. Uliona mkono wake?"

"Baba, nimekusikia."

"Umesikia nini?"

"Ulichosema mle ndani. Ndicho ulichosema kwenye korongo, na shamba lilikuwa la watu." Nikamwambia dada miguu sasa imevimba mpaka magotini. Nikamwambia sitaki shamba, sitaki kesi, mbuzi nitatoa mimi. Aje tu afungue mdomo mbele ya wazee, neno moja, turudi nyumbani.

Alinitazama, na sikuona hasira. Ningefurahi kuona hasira.

"Kijana wangu," akasema, "aliyeapa ni mtu wa zamani. Mimi ni kiumbe kipya. Yule wa zamani alikufa siku nilipoingia majini kubatizwa, akazikwa kule kule. Nenda ukamuulize yeye."

Akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Nilibaki nimeshika pipa. Nimeishi miaka mingi sasa na sijasikia mtu akikiri namna hiyo, kwa kusema kwamba aliyetenda amekufa. Nilienda kwa wale wazee wawili. Mmoja alikuwa ameshapofuka, na mwingine akajibu kwa niaba yake kwamba pembe ipo na vijiti vipo, lakini bila mdomo wa mwenyewe wao hawawezi kitu. Nikamwambia siku ya fahali midomo yao ilikuwa inaweza. Akaniambia nitoke bomani kwake.

Nilienda kwa mhubiri. Nilimweleza yote, nikamwomba amwambie tu baba mdogo kwamba kusema ukweli si dhambi. Mhubiri alinisikiliza vizuri. Kisha akasema mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele ya pembe, huko ni kurudi Misri, na kwamba watakuja kumwombea dada. Nikasema basi akiri kanisani, tuone kama kitapoa kwa njia hiyo. Akasema kanisa haliwezi kufukua yaliyokwisha oshwa. Walikuja kweli, wakaimba, wakaomba, baba mdogo akiwa mbele amefumba macho na mkono wake juu ya paji la uso wa dada yangu. Nilitaka kuutoa ule mkono. Dada ndiye aliyenikonyeza nisitoe, kwa sababu kulikuwa na wageni.

Mlimani kule hakukuwa na televisheni. Dada alikuwa amesikia watu wanaizungumzia ile sinema akataka nimsimulie, na nikamsimulia mchana kutwa, yeye ameegemea ukuta mahali penye joto. Nilimpunguzia yale marefu. Akanikataza, akasema nisikimbize, alikuwa na nafasi. Nikarudia chaki, nikarudia kuinama, nikarudia viti.

"Na mwishoni wanabaki wangapi?" akaniuliza.

Kwenye sinema anabaki mmoja. Nikasema wawili.

"Wanaangaliana?"

"Wanaangaliana."

"Basi si mbaya," akasema.

Alienda mvua za kupanda zilipoanza, wakati kila mtu yuko shambani na nyumba zote ziko kimya. Nilikuwa nimetoka kuchukua maji. Nilipoondoka alikuwa ananiambia mtungi umepasuka shingoni. Niliporudi nilimkuta ameketi vile vile, ameegemea ukuta, na nilimjibu habari ya ule mtungi kabla sijajua.

Baba mdogo alihubiri kaburini. Alihubiri vizuri, watu wa kutoka Mwingi walilia. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, watu wakienda kunawa, alikuja kusimama karibu nami, bega kwa bega, tukitazama upande mmoja.

"Sasa ni wewe na mimi," akasema.

Hakusema kama mtu anayetisha. Alisema kama mtu anayetaja wanaobaki kuchunga ng'ombe.

Niliiona mara ya tatu kabla sijahama Salama. Nilimwomba jamaa wa video aniwekee asubuhi, mimi peke yangu, asinielezee, azime sauti kabisa. Nilitaka kutazama mdomo. Pale pa kuapa yule mwigizaji anafungua mdomo na kuufunga, basi, neno moja au mawili. Nilirudisha kanda, nikatazama tena. Maneno yale yote hayawezi kuingia pale. Jamaa wa video aliniuliza natafuta nini nikamwambia hakuna.

Na nikaitazama mpaka mwisho, na mwisho ndio umenifanya niikasirikie. Sinema nzima imetembea kama ng'ombe mgonjwa, imetufundisha kungoja, imetuonyesha viti vikibaki mpaka mtu yuko peke yake na meza yake. Halafu ghafla inakimbia. Fimbo inateleza, mpira unakosa, mtu anashika kifua na kuanguka, mjane anaingia na kuchukua funguo. Kwisha, magunia yashushwe. Ni uongo. Aliyeitengeneza ama alichoka, ama aliwahurumia waliolipa kiingilio. Angekuwa na moyo angemwacha yule mwenye fimbo pale pale, anapiga na mpira unaingia, ana afya, ameota mvi vizuri, anacheza peke yake mpaka sisi wenyewe tuinuke tumwache.

Nilihamia Kibwezi. Nina kibanda kando ya barabara ya Mombasa, na lori ni zile zile. Baba mdogo hajafa. Yuko kule mlimani, anakula kwa meno yake, na wale wazee wawili walikwisha zikwa, na mhubiri alihamishiwa kanisa kubwa zaidi. Mkonge uko ng'ambo ya korongo, umekomaa.

Madereva wakishuka kutoka Salama huniletea salamu zake. Majuzi alikuja mmoja asiyetujua sisi wala ugomvi wetu, akakaa kwenye tairi akisubiri gurudumu lake.

"Kuna mzee alinisimamisha pale juu," akasema. "Anasema wewe ni mtoto wa kaka yake. Anauliza kama upo."

"Mwambie nipo."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Na yeye ulimwonaje?"

"Mzima," akasema. "Mzima kabisa. Alisimama barabarani mpaka nikapotea kwenye kona."